Mama ameuliza atakaa wapi

Leo baiskeli mpya imenitoa machozi, na sijaanguka nayo.

Si mnajua vile nimeisifu hapa wiki nzima? Springi mbele, springi nyuma, nyepesi hadi unaiinua na mkono mmoja.

Ile ya zamani ilikuwa na springi ya mbele pekee. Mawe ya huku Kamukuywa yalinimaliza mgongo, nikaiacha kwa muuzaji wa baiskeli huko Kitale na kuchukua hii.

Na niliuliza kila kitu, bana. Uzito. Breki. Matairi.

Asubuhi mama akatoka na kikapu chake. Kila Jumamosi mimi humpeleka soko, amekaa kwa karia, kile chuma cha kubebea nyuma ya kiti.

Akaizunguka baiskeli polepole. Akaangalia nyuma ya kiti. Hakuna kitu.

"Na mimi nitakaa wapi, kijana yangu?"

Nikaanza kueleza ati hizi za springi nyuma hazifungwi karia hivi hivi...

Sikumaliza. Nilikuwa nimeona kitu kwa kikapu: kamto kadogo ka kukalia, ka kitambaa cha maua. Alikashona aliposikia naleta baiskeli mpya.

Akakaweka juu ya kiti changu.

"Basi kalia wewe."

Sikukalia. Tulitembea wote hadi soko, mimi nikisukuma.

Nani yuko Kitale leo? Tafadhali pita kwa yule muuzaji wa baiskeli karibu na soko la huko, uniangalilie kama ile yangu ya zamani bado iko. Ni ya bluu. Karia imetoka rangi pale mama hukaa.