Kobe Niliyemwanika Kama Ndimu

Nakumbuka asubuhi moja nilipanda ngazi za paa letu hapa Kuze, Mombasa, naogopa nitakachokikuta juu. Kaa karibu, mwanangu, na hiyo feni uliyoinunua iweke kando kwanza. Nitaifikia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ujuaji mwingi kuliko umri. Jirani yetu, Bi Mwanaisha, alikuwa amekwenda kuhiji, kisha apitie kwa nduguye Jeddah akae miezi mitatu. Kabla ya kuondoka alinitia mkononi kobe mchanga, hajafika hata ukubwa wa kitumbua. "Mwanangu, hii ni amana," aliniambia. "Nikirudi nataka nimkute." Nikamwambia aende salama, asiwe na wasiwasi.

Nyumba zetu wazijua. Ukisahau viatu kabatini wiki moja, vimeota ukungu. Marehemu mamangu alipigana na unyevu maisha yake yote: magodoro juani, mito juani, ndimu za achari juani. Basi kobe nami nikamfanyia vivyo hivyo. Nilimtia kwenye kreti ya soda, chini changarawe kavu, upande mmoja nikafunika leso, nikamweka juu ya paa upepo umpige. Maji nilimpa kifunikoni, kidogo, asije akalowa. Nikajiona hodari!

Mwezi wa tatu akaacha kula. Gamba lilikuwa limeota vijituta, macho yameingia ndani. Asubuhi hiyo ninayokuambia, tulikuwa tumepata habari kwamba Bi Mwanaisha anafika Ijumaa. Nilimkuta kobe hasogei. Nilipomwinua, alikuwa mwepesi kama ganda la yai. Niliogopa, mwanangu, na si kugombezwa. Niliogopa kuulizwa na Mungu juu ya kiumbe nilichokabidhiwa nikakikausha kwa mikono yangu. Nikamfunga ndani ya leso nikatoka mbio, buibui limekaa upande.

Pembeni mwa njia alikaa Mzee Katana, muuza madafu, mtu wa mashambani Ganze. Alimtazama kobe, kisha akanitazama mimi.

"Mwana wa watu, huyu ni kobe ama ni ndimu, hata ukamwanika?"

"Lakini mzee, kobe si wa nchi kavu?"

"Mkubwa, ndiyo. Kwetu mkubwa utamuona njiani. Mdogo humuoni. Yuajificha chini ya majani yaliyooza, penye unyevu. Ukimweka peupe, wamuua."

Akatia maji ya vuguvugu kwenye karai, yakamfika kobe kidevuni tu. Tukangoja. Sijui tulingoja muda gani. Najua jua lilikuwa limeshapanda. Hatimaye akainamisha kichwa, akanywa. Nililia pale njiani, watu wanapita.

Bi Mwanaisha aliporudi nilimweleza yote. Alipitisha kidole juu ya vile vijituta. "Hivi havitaondoka," akasema, basi. Laiti angenigombeza. Na kweli havikuondoka; kobe ndiye yule pale uani, Bi Mwanaisha aliniachia alipofariki, na kila nikimwosha vidole vyangu hupita palepale.

Sasa umekuja kuchukua mtoto wa kobe huyu. Kibali cha kumfuga kimo kwenye bahasha. Feni usimwelekezee kabisa. Mpe kizimba chenye kuta zisizomwonyesha nje, la sivyo atashinda akikwaruza atoke. Chini weka udongo na vumbi la makumbi ya nazi, ulowanishe kila unapokauka, uwe na unyevu wala usiwe tope. Fukia humo nusu ya chungu kilichopasuka, ndani yake pawe na unyevu zaidi, ndipo atakapolala. Juu funika sehemu, unyevu usitoroke, lakini hewa ipite. Jua la asubuhi apate, na kivuli kiwe hatua mbili kutoka hapo. Sahani ya maji iwe pana, aweze kuingia na kutoka, na kila siku umwogeshe kwenye maji ya vuguvugu. Usiseme unyevu wa hewa ya Mombasa unatosha. Mimi nilisema hivyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe hofu mapema, ungali unaweza kufanya jambo, akuepushe na ile iliyonipandisha mimi ngazi. Hii ni amana. Nikija nataka nimkute.