Kimbaazi cha Mbooni, cha Kambu na cha Tseikuru

Kila nikipita sokoni msimu wa mbaazi mbichi, harufu ya maganda yake hunisimamisha hata nikiwa na haraka. Hunirudisha Mbooni, jikoni kwa Susu, bibi yetu, ambako Desemba moja mimi na binamu zangu wawili tulimenya mbaazi mpaka kucha zikageuka kijani. Mueni alitoka Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Kasyoka alitoka Tseikuru, nchi ya mbuzi na jua. Watu wazima hawakuacha kututegea masikio, basi tukaunda lugha yetu ya siri, tukaiita Kimbaazi. Mtu mzima tulimwita zolobe, kuku akawa tiripa, na kula ikawa kulumpa. Msinicheke, jamani. Likizo ilikuwa ndefu.

Desemba iliyofuata walirudi, nami sikuamini masikio yangu. Mueni alikuwa amewafundisha wenzake waliouza machungwa barabarani. Kwa kuwa magari ya Kambu hayasimami sana, walikata kila neno: zolobe likabaki zo, tiripa likabaki ti. Kasyoka naye alikuwa amekifundisha malishoni. Huko watoto huitana kutoka ng'ambo hii ya mto mkavu hadi ile, kwa hiyo maneno yalivutwa yakawa marefu na kumaliziwa kwa mluzi. Tena rafiki yake Halima, binti wa mwenye duka, alikuwa amekitia adabu za kwao: huanzi jambo kabla ya kuulizia mama, mifugo na mvua. Salamu zilikuwa ndefu kuliko mazungumzo yenyewe.

Nilikasirika. Maneno mengi niliyaunda mimi, na Kimbaazi changu kilikuwa safi vilevile.

"Hiyo si Kimbaazi," nikawaambia. "Mmeharibu lugha."

"Ati tumeharibu?" Mueni akacheka. "Na wewe, huku Mbooni umeongea na nani?"

Sikuwa nimemfundisha mtu, nikihofia wataichafua. Tangu hapo wakawa wanaongea wao kwa wao, mmoja akikata, mwingine akivuta, wakielewana vizuri tu. Mimi nilinuna. Susu aliniambia hasira hasara, na mbaazi hazijimenyi. Lakini iliniuma kweli, maana niliona nimepoteza lugha na binamu kwa mpigo mmoja.

Jumapili tukaenda kanisani. Wakati wa maombi kila mtu aliomba kwa sauti, na kanisa likavuma. Binamu zangu, macho wamefumba, wakautumia mvumo huo kupiga gumzo. Ghafla mchungaji akanyamaza, waumini wote wakanyamaza, na wawili hao wakabaki wakipasua hewa kwa Kimbaazi, mluzi na yote.

"Haleluya!" mama mmoja akapaza sauti. "Watoto wananena kwa lugha!"

Mchungaji akawatazama kwa makini. "Bwana asifiwe. Sasa kama ni lugha, lazima kuwe na wa kutafsiri. Nani amepewa tafsiri na Roho?"

Binamu zangu walikuwa wamekauka. Fimbo ya Susu tuliijua sote. Wakanigeukia, na machoni mwao hakukuwa na kicheko tena. Ningeweza kukaa kimya.

Nikasimama. "Mmoja ameulizia afya ya mama, mifugo na mvua," nikasema. "Mwingine amejibu kwamba meza imeandaliwa, na kila mtu ana fungu lake."

"Amina!" kanisa likaitikia. Sikudanganya. Kasyoka, baada ya salamu zake zote, aliuliza kama Susu amechinja kuku, naye Mueni akajibu kwamba amechinja, na firigisi ni yake yeye Mueni. Susu peke yake hakusema amina. Aliinamia kitabu cha nyimbo, mabega yakimcheza.

Chakula kilipopakuliwa, Mueni aliichukua ile firigisi akaiweka kwenye sahani yangu. Nilicheka hadi nikapaliwa.

Utotoni nilidhani niliwaokoa kwa ujanja. Miaka ilipita kabla sijang'amua kwamba Kimbaazi kile nilichokikana, cha mkato na cha mluzi, nilikuwa nimekielewa chote bila kufundishwa na mtu. Kilikuwa changu bado, ila kilikuwa kimetembea. Siku hizi watoto wa binamu zangu hukizungumza kwenye simu, wamekichanganya na Sheng na vitu vingine nisivyovijua. Mimi hushika nusu. Nusu nyingine nawauliza, nao hunisahihisha bila huruma, na nafurahi.