Kiti cha Mbele Kwenye Gari la Baba

Ngozi ya kiti cha gari haiharibiwi sana na kukaliwa. Inaharibiwa na kuachwa. Ya kwetu ilikuwa imeachwa tangu ile miaka ya shida, petroli ilipokuwa adimu na tairi jipya lilikuwa kitu cha kuombea kibali. Baba akalisukuma gari lake la Kiingereza hadi kwenye banda la kahawa, akalifunika turubai, akasema litatoka hali ikitengemaa. Alikuwa amelinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba aliyekuwa anahama nchi, wakati kahawa ingali kahawa. Hali haikutengemaa upesi. Baba akafariki, turubai likatoboka, kuku wakahamia ndani. Jua la mchana likawa linapenya kati ya mbao na kuvipiga viti vile vyekundu mahali pale pale kila siku, mpaka vikapauka vikawa na rangi ya tofali bichi, na ngozi ikapasuka vijimistari.

Mimi nilirudi nyumbani, huku juu ya Tengeru, baada ya shirika nililokuwa nikifanyia kazi mjini kuuzwa na sisi kuambiwa tunapunguzwa. Neno hilo lilitamkwa kwa upole mkubwa siku zile, utadhani ni nywele. Madukani vitu vilikuwa vimejaa kuliko nilivyowahi kuona: sabuni za kunukia, redio za kila aina, na barabarani magari ya Kijapani yaliyokwisha tumika kwao. Kila kitu kilikuwa ruksa. Mimi nilikuwa na mikono miwili na mchana mrefu.

Kaka yangu mkubwa yeye mambo yalikuwa yamemnyookea. Alikuwa na nyumba ya ukuta kule Njiro na ameanza kazi ya kubeba watalii. Jumapili moja alikuja kumsalimia mama, akazunguka banda, akainua turubai kwa vidole viwili.

"Gari la mzee hili haliuzwi," alisema. "Tulifufue. Mimi nitaleta fundi wa injini, wewe shika viti. Viti ndivyo watu wanaviona kwanza."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Sikukubali kwa ajili yake, wala kwa ajili ya marehemu baba. Nilikubali kwa ajili ya mama, na ni vizuri niliseme hilo mapema, kwa sababu ndilo lililoniuma na linaloniuma mpaka leo. Kiti cha mbele kushoto, kile cha pembeni ya dereva, kilikuwa na bonde. Mtu alikuwa amekikalia miaka mingi mpaka kikachukua umbo lake. Mimi ni kitinda mimba. Gari lilipokuwa likitembea nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni, sikumbuki safari hata moja. Lakini nilihitaji kukumbuka nini? Baba alikuwa akiendesha. Pembeni yake angekaa nani kama si mkewe? Nikalitazama lile bonde nikamwona mama akiwa kijana, kitambaa kichwani, anapelekwa mahali.

Mama niliyemfahamu mimi alikwenda kanisani kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani kila sikukuu ya mavuno, akishuka ile njia ya utelezi na viatu mkononi. Nikajiapia kwamba mavuno ya mwaka ule atakwenda ndani ya gari la mumewe, amekaa kwenye kiti chake cha mbele, kioo kimeshushwa, na wanawake wenzake wa kwaya wamwone. Sikutaka zaidi ya hilo. Nilimwambia mama hivyo, jikoni, siku ile ile. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Mungu akubariki, baba," akaendelea kumenya.

Kazi niliianza kijinga. Nilipaka dawa ya viatu nyekundu, nikasugua kwa brashi, viti vikang'aa. Shangazi yangu, dada yake baba, akaja kutembea amevaa gauni lake jeupe la ushirika wa kanisani, akaketi kiti cha nyuma kupumzika, akainuka na makalio mekundu. Alinitukana kwa Kimeru kwa muda wa kutosha. Alipopoa aliuliza, "Na hicho cha mbele unamtengenezea nani?" Nikasema mama. Akanitazama, akamtazama mama aliyekuwa mlangoni, kisha akauliza kama chai imeiva.

Ikabidi niiondoe ile dawa yote kwa spiriti na vitambaa. Baada ya hapo nilijifunza kwa kukosea, kidogo kidogo. Sabuni ya mche huparuzwa kwenye maji ya uvuguvugu, povu tu ndilo linalotumika, na mswaki mkuukuu hupita kwenye mishono kutoa uchafu. Ngozi haianikwi juani; hufutwa ikaachwa kivulini. Palipochanika unapenyeza kipande cha turubai kwa ndani, unakigundisha, unakandamiza kwa jiwe bapa. Nyufa ndogo unazipitia na msasa laini, mkono mwepesi. Ikishakuwa safi, ngozi kavu inadai mafuta kama mtoto anavyodai titi.

Mafuta mazuri sikuwa nayo. Mama akaniambia nichukue mafuta ya kondoo, yale ya mkiani, niyayeyushe, kama wazee walivyolainisha ngozi za kulalia. Na kweli viti vilinywa, vikalegea, vikaanza kuitikia ukivibonyeza. Tatizo likawa mbwa. Mbwa wote wa mlima walikuja kulinda lile banda, na nzi nao hawakubaki nyuma. Kaka alicheka mpaka akashika nguzo, na safari iliyofuata ya Nairobi akaniletea mafuta ya ngozi yenyewe na makopo ya rangi yake.

Sasa mnisikilize hapa. Mama alikuwa nami kwenye kazi ile. Kila mchana aliniletea maji ya moto kwenye birika, akaparuza sabuni mwenyewe, akafua vitambaa akavianika uani. Nilipokuwa natafuta rangi ya asili, yeye ndiye aliyenishikia kiti nikikiinua ili nitazame kwenye mkunjo wa chini ambako jua halikuwahi kufika. Pale rangi ilikuwa bado ileile ya siku ya kwanza, nyekundu iliyokolea, karibu na damu ya mzee. Nilichanganya nyekundu na nyeusi na kahawia kwenye kifuniko cha kopo, nikajaribu, nikafuta, nikajaribu tena, mpaka alama yangu ikapotelea ndani ya ule mkunjo. Mama akasema, "Hiyo hiyo." Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani.

Fundi wa sofa kule mjini alinishauri nitoe sponji la zamani la kiti cha mbele nijaze jipya, lile bonde liishe. Nilikataa. Nilimwambia umbo lile ni la mtu, haligusiki. Nikapaka rangi tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na kwenye bonde nikapita polepole kwa sponji, nikilifuata lilivyo, nisilibadilishe hata kidogo. Sijawahi kushika kitu cha mtu kwa heshima kama ile.

Kabla ya kumaliza, kaka alikuja na mzungu mmoja wa makamo, amevaa ndala za ngozi. Alimtambulisha kuwa ni rafiki, mpenzi wa magari ya kale. Yule mzungu akapiga picha viti kuliko alivyopiga gari, akapitisha kiganja juu ya kiti cha mbele, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama alikuwa amepika machalari, ndizi zilizochanganywa na nyama, chakula ambacho kwetu hakipikwi kwa mgeni wa kupita tu. Nilikula, nikajisifu, nikaeleza habari za mafuta ya kondoo, na wote watatu wakacheka. Nikikumbuka kile kicheko natamani ningekuwa na nguvu ya kuipindua ile meza.

Viti vilipokauka nilimwita mama mchana. Nilikuwa nimefungua mlango wa mbele kushoto, nimefagia kuanzia mlango wa jiko hadi bandani kama njia ya bibi harusi.

"Kaa, mama. Jaribu kiti chako."

Alikuja akisindikizwa na kuku wake. Akaweka mkono juu ya mlango, akachungulia. Hakuinua mguu.

"Nina vumbi," akasema. "Nitakaa siku yake."

Nikaona ni adabu tu, na ile tabia ya mama zetu ya kutunza kitu kipya mpaka kizeeke kabatini. Nikaufunga mlango kwa mikono miwili.

Palikuwa pamebaki mipira ya milango. Kaka alituma ujumbe kwamba duka fulani mjini limeipata, niiwahi Jumamosi. Nikaiwahi. Duka lilikuwa halijawahi kuisikia hiyo mipira. Nikazunguka mjini kutwa nzima nikiuliza duka kwa duka, nikala maandazi nimesimama, nikarudi mikono mitupu alasiri, watu wakiwa wanapanda kutoka soko la Tengeru na mizigo yao.

Banda lilikuwa tupu. Nilifikiri kwanza gari limeibiwa, nikaanza kukimbilia nyumbani kupiga kelele. Kisha nikaona sakafu. Ilikuwa imefagiwa. Makopo yangu ya rangi yamepangwa pembeni, vitambaa vimekunjwa, na mifagio ya chelewa imeacha mistari yake kwenye vumbi vizuri kabisa, kama uani Jumamosi. Mwizi hafagii. Aliyefagia hivyo namjua tangu nazaliwa.

Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, ananisubiri. Nilimwamkia kwa sababu mdomo umezoea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaka yako amelichukua. Watu wa hoteli wamekuja na lori."

"Hoteli gani?"

"Ya yule mzungu. Litakaa pale mlangoni, wageni walitazame."

Nilimuuliza kama alikuwa anajua. Akasema alijua tangu mwanzo, tangu Jumapili ile ya turubai. Nikamuuliza sasa ile habari ya mavuno, ya kukaa mbele, alinibariki ya nini. Akasukuma kuni mafigani. Akaanza kusema kwa Kimeru, akitazama moto.

Akasema kile kiti hakikuwahi kuwa chake. Kilikuwa cha baba mkwe wake, babu yangu. Alikikalia kila gari lilipowashwa, na asipokuwepo aliacha kofia yake juu yake. Kwetu mke hakalii mahali pa baba mkwe, kama vile asivyokanyaga kitandani kwake. Hata mzee akiwa hayupo, mahali pake papo. Siku uchungu wa kunizaa mimi ulipomshika, baba aliwasha gari kumpeleka hospitali. Babu alikuwa amebaki nyumbani. Kofia ilikuwa kitini.

"Nilikaa nyuma, juu ya magunia ya kahawa," mama akasema. "Barabara unaijua. Baba yako hakuiondoa ile kofia, na mimi sikumwomba. Nilikuwa naitazama njia nzima."

Kumbe lile bonde nililolipapasa kama shavu la mtoto lilikuwa la makalio ya babu. Nilimhurumia mama, naapa nilimhurumia. Lakini hasira ilikuwa imeshatangulia, na ilikuwa halali yangu.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Miezi yote hii unaniletea maji ya moto."

"Kaka yako alisema bila viti kupendeza hawalichukui."

"Ungeniambia hivyo basi."

"Ungeacha," mama akasema.

Alisema kweli. Ningeacha. Ndiyo maana walinizunguka, yeye na kaka, na shangazi na chai yake, na mpaka mzungu wa ndala alijua nisichokijua mimi. Wangenituma nifanye kazi ya kuuza gari ningekataa, kwa hiyo wakaniachia upendo wangu ufanye kazi hiyo bure. Sikuuliza walipata nini na mpaka leo sijauliza. Kaka alipokuja kueleza, akaleta maneno mengi ya biashara, nikamwachia kiti nikatoka nje. Hoteli yenyewe naipita nikienda Maji ya Chai. Nageuza uso upande wa mlima.

Sikukuu ya mavuno ilifika mvua ikiwa imenyesha usiku. Nilivaa suti yangu ya zamani ya ofisini, nikatangulia kwa miguu ili nisiongozane na mtu. Kucha zangu zilikuwa bado na rangi nyekundu pembeni, ile isiyotoka kwa sabuni wala spiriti. Kabla ya daraja nikasikia honi nyuma yangu.

Lilikuwa gari jipya la kaka, yaani jipya kwetu, la Kijapani, viti vyake vya kitambaa vikiwa bado kwenye nailoni. Kaka alikuwa anaendesha. Mama alikuwa mbele kushoto. Kioo kilikuwa kimeshushwa, kitambaa chake cha kichwa kimepigwa pasi, mkono ameuweka juu ya mlango ili wote waone, na ile nailoni ililia chini yake kila alipojisogeza, naye alijisogeza mara nyingi. Wanawake wa kwaya waliokuwa wakishuka ile njia na ndizi zao walisimama kumtazama. Ilikuwa vilevile kama nilivyoiona mimi akilini, kila kitu, isipokuwa mimi.

"Panda," kaka akasema. "Utachafua suruali."

Nilitaka kukataa. Lakini tope lilikuwa tope, na watu walikuwa wanatutazama. Nikafungua mlango wa nyuma, nikasogeza mkungu wa ndizi na gunia la mahindi ya sadaka, nikakaa juu ya gunia. Mama hakugeuka. Njia nzima nilitazama kisogo chake.