Udaga wa Mwaka wa Njaa

Mimi ni mkutubi wa hospitali hapa Musoma, na sipendi mtu anidharaulie kazi yangu. Nasema mapema ili tusije tukakosana. Maktaba yetu ni chumba kimoja nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, na kazi kubwa niliyoifanya humo ni hifadhi ya tafiti. Kila utafiti ulioandikwa na manesi, matabibu na wanafunzi wetu, ambao zamani ulikuwa unaishia kabatini kuliwa na mchwa, nimeuskani na kuupandisha mtandaoni. Mtu yeyote duniani anaufungua bure, haombi ruhusa kwa mtu. Nilipoanza, wenzangu walinicheka hadi chai ikawapalia. Mmoja aliniuliza ni mzungu gani anakosa usingizi akisubiri kusoma mambo ya mitaa yetu ya Mwisenge na Kitaji. Nikamwambia dunia haina wazungu peke yao, nikarudi kwenye skana yangu nimefura.

Kila mwezi kompyuta inanichorea ramani ya wasomaji walikotoka. Mwanzoni kulikuwa na kidoa kimoja tu, Musoma, na msomaji mwenyewe nilikuwa mimi nikijaribu kama mtambo unafanya kazi. Baadaye vikaanza kuchomoza vidoa Nigeria, Ufilipino, Brazili, hata visiwa ambavyo ilibidi nivitafute kwenye atlasi. Sikujua watu hao ni nani wala wanatafuta nini kwetu. Nilifurahi tu kama mtu aliyepata wageni, nikawa naichapisha ramani na kuibandika mlangoni ili wale wa chai waione.

Halafu kidoa kimoja kikaniandikia. Alikuwa daktari wa wilaya moja kaskazini mwa Msumbiji. Alisema mvua zimewakatalia, mahindi yamekauka, watu wamebaki na muhogo mchungu peke yake, na watoto wameanza kuletwa miguu imekakamaa. Miguu ya namna hiyo, alisema, hairudi tena. Katika kutafuta alikuwa ameufungua utafiti wa nesi wetu mmoja mstaafu, juu ya akina mama wa mkoa wetu wa Mara wanavyotengeneza udaga: wanavyomenya muhogo, wanavyourundika na kuufunika majani mpaka uchachuke na kuota ukungu, wanavyoukwangua na kuuanika juu ya majabali mpaka sumu iishe. Utafiti unasema kwamba wakati wa njaa wapo wanaofupisha hatua. Hausemi wanafupishaje. Huko wilayani kwake kila mama anaapa amefuata hatua zote, na watoto wanazidi kuletwa. Aliomba mtu amweleze kabla mashamba yaliyobaki hayajavunwa.

Nilimpigia nesi simu. Huyu mama alifanya kazi Bunda miaka mingi, na utafiti aliuandika alipokwenda kujiendeleza. Nilipomwomba ruhusa ya kuuweka mtandaoni alisema weka tu, nani atausoma. Sasa nilipomweleza kwamba umesomwa, na umesomwa wapi, na swali ni lipi, alisema mtandao unasumbua, akakata. Mtandao ulikuwa hausumbui hata kidogo. Nilipopiga kesho yake ukawa unasumbua tena. Mimi nikipandwa na hasira huwa sikai, nikaomba ruhusa kazini nikaenda kwake Butiama.

Nilimkuta anaishi na mdogo wake, mama mtu mzima, na nilipomwona huyo mdogo akija kunipokea begi hasira zote ziliniishia. Alikuwa anatembelea vidole, magoti yanasuguana, mkono mmoja kwenye fimbo. Uwanja wa kuvuka kwa hatua chache alitumia muda wa mtu kuteka maji. Alinisalimia kwa uchangamfu, akanitania kwamba watu wa mjini hatuli, ndiyo maana upepo wa ziwa unatupeperusha.

Tulipokwisha kula, nesi aliniambia bila kuzunguka. Anajua muhogo unavyofupishwa tangu utotoni, maana aliyeufupisha ni mama yao mzazi, mwaka wa njaa, na mdogo wake ndiye aliyeamka asubuhi moja miguu haimtii. Huku kwetu kusema mwanamke fulani alipakua udaga ambao haujaiva ni kusema amewalisha wanawe sumu. Litasemwa mpaka kwa wajukuu. Mama yao aliishi na siri hiyo hadi akafa, na kila alipofunua rundo la muhogo alikuwa anavunja kipande, anakitazama ndani, anavunja kingine, kama mtu aliyepotelewa na kitu. Ndiyo maana nesi aliandika yote akaliacha hilo.

"Siwezi kumwanika mama yangu mtandaoni," alisema.

Nilibishana naye, nakiri nilipandisha sauti. Nilisema wale watoto wa Msumbiji nao wana mama zao. Akaniambia mimi ni binti wa mjini, sijui fedheha ya jikoni ilivyo. Ni kweli, unga wangu nanunua dukani. Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Wala hakuinua macho.

"Dada, miguu hii ni ya nani?"

Nesi alivuta khanga yake begani.

"Ni ya kwangu. Basi nitasema mimi."

Nikaona nesi amefunika uso kwa khanga, mwisho akatikisa kichwa kukubali. Tulitoka nyuma ya nyumba kwenye jabali wanaloanikia, mimi nikashika simu kurekodi. Nilimweleza mdogo mtu kwamba kitu kikiingia mtandaoni kitaonwa na watu wa kila nchi, hakifutiki kirahisi, na kwamba naweza kuficha sura yake. Alikataa. Alisema nimpige picha mwili mzima, na miguu niipige.

Kisha akaeleza, mikono ikifanya kazi. "Udaga ukiiva unauvunja, katikati panakuwaga laini kama pembeni. Mama aliutoa kiini bado kigumu. Tulikuwa tunalia njaa, angefanya nini? Aliuponda, akauanika nusu siku. Akachanganya na unga wa mtama ili ugali uwe mweusi kama wa udaga ulioiva, majirani wasijue. Tena udaga ulioiva una harufu yake, kwa hiyo alikuwaga anapika mlango umefungwa, wasishangae mbona hakuna harufu. Dagaa hazikuwepo, maharage hayakuwepo. Tulikula huo peke yake, asubuhi na jioni." Akavunja kipande cha udaga alichokuwa nacho mkononi. "Hakutaka kutuua. Alitaka tunyamaze kulia."

Nilirudi Musoma na simu nimeikumbatia. Niliipandisha ile video siku hiyo hiyo pamoja na maelezo ya nesi, ambaye sasa aliandika kila alichokiacha, na nikamtumia daktari kiungo chake. Alikuwa na muuguzi wa mpakani anayejua Kiswahili, atakayewatafsiria akina mama. Baada ya hapo kukawa kimya. Nilikuwa naifungua ramani kila asubuhi kabla hata ya kufagia. Kidoa cha Msumbiji kilikuwa kinanenepa, lakini kidoa hakisemi.

Jibu lilikuja mavuno yao yalipokwisha. Sikulisoma peke yangu. Nilipanda gari la Butiama, nikawakuta wote wawili nyumbani, nikawasomea kwa Kiswahili.

Daktari alisema walionyesha video kijiji kwa kijiji. Mwanzoni akina mama walitazama tu. Ilipofika pale pa mlango kufungwa, mmoja alianza kulia, akasema na yeye anafungaga mlango. Baada yake wakasema wengi. Tangu siku hiyo wanavunja vipande pamoja, hadharani, na ambaye wake haujaiva anaazimwa unga na wenzake mpaka uive. Katika vijiji vile hakuna mtoto mwingine aliyeletwa. Nesi aliuliza kuhusu wale walioletwa mwanzo. Nikamwambia wamebaki vile vile. Akasema anajua, alitaka tu kuuliza.

Mwisho wa barua kulikuwa na maneno ya akina mama wenyewe. Nilishindwa kuyasoma vizuri, ikabidi nianze upya. Walikuwa wanauliza kama yule mama aliyefunga mlango bado yupo hai. Walisema wanamsalimia sana. Walisema wanampa pole, maana wanajua alivyokuwa analala usiku na siri hiyo.

Nesi alilia kwa sauti kama msibani, na mimi nikalia naye, nikimshukuru Mungu kwa kile chumba changu nyuma ya jengo na kwa skana yake mbovu. Mdogo mtu hakulia. Alikaa muda mrefu akiisugua miguu yake kwa viganja, halafu akaniuliza kama ninaweza kuwajibu pale pale kwa simu. Nikasema naweza.

"Waandikie," alisema. "Waambie salamu zimemfikia."