Tandiko Jekundu la Rasi ya Mbuzi

Katika kisiwa cha Calandra watu walisema Ermelinda Feola aliurithi ukaidi wake kwa maziwa ya mama. Walikosea. Mama yake hakuwa na maziwa. Mtoto alikuzwa kwa maziwa ya mbuzi, na tabia ya mbuzi inajulikana.

Alizaliwa Rasi ya Mbuzi, katika nyumba ya mtunza taa iliyo chini ya mnara, kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa akiitunza taa ile. Mnara wa taa una sheria mbili. Usiku uwake. Mchana uwe mweupe, maana nahodha aliye mbali huutambua kwa rangi yake, kama mtu anavyomtambua jirani kwa mwendo. Mnara ulioanikwa chupi, baba yake alikuwa akisema, ni mnara mwingine, na haumo kwenye ramani. Kwa hiyo nguo za akina Feola zilianikwa nyuma ya banda la kuku, zikanuka ipasavyo.

Sheria hii ingekuwa ndogo kama si sikukuu ya Mtakatifu Erasmo, msimamizi wa mabaharia. Siku hiyo, mwanzoni mwa Juni, sanamu yake hupakiwa kwenye mashua na kupitishwa mbele ya nyumba za bandarini, ambazo vizingiti vyao hulowa maji bahari ikijaa. Kila mwanamke mwenye nyumba hutundika barazani tandiko lake la kitanda cha harusi, lile zuri, ambalo halilaliwi. Na mahali palipotundikwa tandiko, Mtakatifu husimama. Haondoki mpaka mwenye nyumba ateremke, amguse mguu, atoe mkate. Mila hii haimo katika kitabu chochote cha Kanisa, na mapadre kadhaa waliotoka bara walijaribu kulieleza hilo. Walielezwa wao habari za mwaka ambao Mtakatifu alipitishwa haraka mbele ya mjane mmoja mgonjwa aliyechelewa kuteremka, na mashua ambazo hazikurudi msimu ule. Hakuna aliyethibitisha kwamba mambo hayo mawili yalihusiana. Hakuna pia aliyejitolea kulifanya jaribio mara ya pili.

Mnara haukuruhusiwa kutundika kitu, kwa hiyo Mtakatifu aligeuza kwenye ukuta wa bandari na kurudi. Katika kisiwa kizima, nyumba pekee ambayo msimamizi wa mabaharia hakuwahi kuitembelea ilikuwa ile inayowawashia mabaharia taa. Mama yake Ermelinda alisimama rasini kila mwaka akiitazama mashua ikigeuza, kisha akaingia ndani kuosha vyombo kwa kelele.

Hata hivyo mama huyo alimshonea binti yake tandiko, la hariri nyekundu, lenye makomamanga ya uzi wa dhahabu pembeni. Ermelinda aliolewa na Biagio, msaidizi wa baba yake, kwa hoja kwamba alikuwepo. Tandiko lilitumika usiku mmoja. Biagio alilalamika kwamba linawasha, likarudi sandukuni kati ya majani makavu ya kufukuza nondo, likakaa humo miaka yote ya ndoa, ambayo kwa jumla haikuwa mbaya.

Baba alikufa, Biagio akaishika taa. Kisha serikali ikafunga mtambo, taa ikaanza kuwaka na kuzimika yenyewe. Kisha Biagio naye akafa, jambo ambalo Ermelinda hakuacha kuliona kama utovu wa adabu, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza amemkaangia dagaa. Alibaki katika ile nyumba na kuku wake. Kila asubuhi alipanda ngazi za mnara kufunga mapazia kuzunguka kioo kikubwa cha taa, maana jua likiingia kwenye kioo kile hutoka likiwa moto, na kila jioni alipanda tena kuyafungua. Hakuna aliyemwambia aendelee. Hakuna aliyemwambia aache. Mambo mengi ya kudumu husimama hivyo.

Aliyekuja kumwambia aache alikuwa Gerardo, mtoto wa kaka yake, ambaye wapiga kura wa Calandra walikuwa wamemfanya meya, wengine kwa kumpenda na wengine kwa kutokumpenda mpinzani wake. Taa ilibaki mali ya serikali, lakini nyumba ilikuwa imeachiwa manispaa, na manispaa ilikuwa imepata kampuni kutoka Milano yenye nia ya kuifanya hoteli. Watu wangekuja kutoka mbali kulala peke yao kwenye upepo. Ermelinda alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote bila kujua kwamba ni starehe.

Gerardo aliyaeleza haya huku akikoroga kahawa isiyo na sukari. Kulikuwa na nyumba mjini, alisema, karibu na zahanati, ghorofa ya tatu, ina lifti.

"Nipande lifti niende wapi?" Ermelinda aliuliza.

"Nyumbani kwako, shangazi."

"Nyumbani kwangu ndipo ulipokaa, unakunywa kahawa yangu."

Gerardo alimweleza habari za umri. Akamjibu kwamba umri wake haujaenda ofisini kwa meya kuomba msaada. Alimweleza habari za maendeleo. Akampa biskuti. Hatimaye Gerardo akasema, akitazama kikombe, kwamba baraza lilishakubali, na kwamba angetakiwa kuhama sikukuu ikiisha. Alilisema kwa upole, kama watu wanavyosema mambo ambayo wameshayafanya.

Hapo Ermelinda akamwongezea kahawa. Wanaomfahamu wangeogopa. Gerardo, ambaye alimfahamu tangu kuzaliwa, alidhani amekubali.

Wiki ya sikukuu alirudi na mwanamke wa kampuni, Bi Tarchetti, mwenye viatu vyeupe na tabia ya kuyatazama mawe kama anayapima nguo. Bi Tarchetti alitaka picha. Mashua zote za maandamano zipite chini ya mnara, alisema, na mnara uwe na rangi kidogo. Ulivyo sasa unafanana na hospitali. Gerardo alikuwa ameshawafuata wahusika wa taa na kupata ruhusa kwamba kwa alasiri moja mnara usiwe mweupe, kibali ambacho mama yake Ermelinda hakuwahi kukipata kwa machozi. Kilichobaki ni kitu chekundu cha kutundika.

"Shangazi, lile tandiko la bibi bado lipo?"

Gerardo alizijua mila za kisiwa kama mtu anavyoujua wimbo wa taifa: aliweza kuuimba bila kuusikiliza. Matandiko, kwake, yalikuwa mambo ya nyumba za bandarini. Hili lingekuwa pambo tu.

Ermelinda akauliza, "Mtakatifu mwenyewe atapita hapa? Chini ya mnara?"

"Atapita, shangazi. Kwa heshima yako."

"Na picha," Bi Tarchetti alikumbusha.

"Basi nitalitundika mwenyewe," Ermelinda akasema. "Msisumbuke." Wakaondoka wakisifu ushirikiano wake.

Siku ya sikukuu aliamka mapema, akaoka mkate mmoja, akaufunga kwa kitambaa safi na kuuacha mezani. Alasiri alibeba tandiko begani na kiti cha jikoni mkononi, akaufunga mlango wa mnara kwa komeo kwa ndani, akapanda.

Mashua zilivuka ukuta wa bandari zikipiga honi. Ya kwanza ilimbeba Mtakatifu Erasmo mwenye joho la dhahabu, Padre Onorato, meya na mkanda wake wa rangi tatu, Bi Tarchetti na mpiga picha wake, na usukani ulikuwa mikononi mwa Ninuccio Mazzella, mkuu wa wabebaji wa sanamu, mvuvi mwenye shingo fupi ambaye kazi hiyo aliipata kwa baba yake pamoja na shingo. Walipofika chini ya rasi, tandiko likashuka kutoka roshani ya taa, jekundu juu ya weupe wa mnara, na makomamanga ya dhahabu yakaangaza. Mpiga picha akasema ni zuri mno.

Ninuccio akazima injini. Nyuma yake, mashua baada ya mashua, injini zote zikazimwa.

Gerardo akamwambia waendelee. Ninuccio akamtazama kama anavyomtazama samaki asiyemjua.

"Kuna tandiko," alisema. "Mwenye nyumba ashuke."

Ndipo meya wa Calandra akaelewa alichokifanya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Gerardo alikuwa amevua nguo mbele ya watu wa kisiwa kizima. Akachukua kipaza sauti ambacho padre alikitumia kwa sala.

"Bi Feola, Mtakatifu anakusubiri. Tafadhali teremka."

Juu, Ermelinda alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni akimenya maharage mabichi. Hakuinua kichwa. Gerardo aliteremshwa kwenye gati dogo la rasi, akaukimbilia mlango, akausukuma, akaurudia kwa bega, kisha akarudi kwenye mashua akiwa ameshika bega. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na watu wa Calandra, wakiwa hawana njia nyingine, walingoja. Walifungua chupa. Walikata soseji. Kutoka mashua ya nyuma mtu alimuuliza Gerardo kama lifti imeharibika.

Bi Tarchetti alitaka kujua kwa nini hawawezi tu kuondoka. Ninuccio alimuuliza kwa adabu kama anajua kuogelea. Padre Onorato alipoombwa awaeleze waumini wake kwamba haya si mafundisho ya Kanisa, alikiri kwamba kweli si mafundisho ya Kanisa, akaongeza kwamba yeye anaishi hapa mwaka mzima. Upepo wa kusini-magharibi ulikuwa umeanza kuvuta joho la Mtakatifu, na mashua zikaanza kugongana ubavu kwa ubavu.

"Shangazi," Gerardo akaita, safari hii bila kipaza sauti. "Shuka. Watu watazama."

Ermelinda akaweka bakuli chini, akasimama, akashika ukingo wa roshani. Sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na bahari, haikuhitaji chombo.

"Ninuccio, mila inasema nani ashuke?"

"Mwenye nyumba, Bi Linda."

"Umesikia, Gerardo? Mwenye nyumba. Sasa mimi nakaa tu hapa juu, sijui. Baraza lako ndilo linalojua. Kama mwenye nyumba ni mimi, niambie nishuke. Kama yuko Milano, mwiteni. Tutamsubiri."

Kicheko kilianzia mashua za nyuma kikaja mbele kama wimbi. Bi Tarchetti, ambaye hakuwa mjinga, akasema kampuni inaweza kumwakilisha mwenye nyumba, na yeye yuko tayari kuugusa mguu huo hata sasa. Akanyoosha mkono. Ninuccio akasimama kati yake na sanamu.

"Tandiko hilo, mama, umewahi kulala chini yake?"

"Nani, mimi? Hapana."

"Basi rudisha mkono."

Gerardo alipandisha macho. "Shangazi, haya tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mashua ikayumba. Mtakatifu aliinama kidogo upande wa meya, na wabebaji wanne wakamdaka. Yasemekana ulikuwa upepo. Gerardo akawatazama watu wake: watu waliompigia kura na wasiompigia, wote wakimtazama yeye, sasa hawali tena. Akasema jambo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na vifungo vya shati lake.

"Sisikii," Ermelinda akasema. "Kuna upepo. Na wewe una kipaza sauti mkononi."

Akakiinua.

"Mwenye nyumba ni wewe," sauti ya meya ikasema juu ya bahari, ikagonga mnara na kurudi, ili hata wale waliokuwa wakimimina mvinyo wasikie. "Ni wewe, shangazi. Maadamu uhai upo. Shuka, nakuomba."

"Hilo umelisema mbele ya Mtakatifu?"

"Mbele ya Mtakatifu."

Ermelinda aliteremka. Hakuharakisha, ngazi alizijua na hazikumdai kitu. Waliusikia mlango ukifunguka, kisha ukimya, maana alikuwa amepitia jikoni kuchukua mkate. Alipotokea gatini wakamwona akiwa na kitambaa safi mikononi, na mkate ambao ungali na harufu ya asubuhi, na Gerardo akautazama ule mkate kwa muda mrefu, akihesabu nyuma hadi saa ulipookwa.

Alimgusa Mtakatifu Erasmo mguu. Alichomwambia hakikusikika, ila Ninuccio, aliyekuwa karibu, alidai kwamba alimwambia: "Umechelewa. Mama amekufa."

Kisha injini zikawashwa.

Wanasheria wa kampuni walisema, kwa haki kabisa, kwamba maneno ya kipaza sauti si mkataba. Lakini lilipokuja suala la kuanza kazi, fundi mwashi wa kwanza alikuwa anaumwa mgongo, wa pili alikuwa na binti anayeolewa, na katika wenye mashua wote wa Calandra hakupatikana hata mmoja ambaye chombo chake kingeweza kubeba saruji. Ajabu, kwa sababu walikuwa wakiibeba tangu zamani. Kampuni ilipata mnara mwingine, kisiwa kingine, ambako inasemekana wageni wanalalamika kwamba taa inawaamsha.

Sheria ya rangi nyeupe ilirudi siku ya pili yake. Mwaka uliofuata Ermelinda alikumbushwa, kwa heshima, kwamba ruhusa ilikuwa ya alasiri moja tu. Alimsikiliza aliyetumwa, akampa kahawa na mayai ya kuku wake, na sikukuu ilipofika alilitundika tandiko palepale. Nahodha atakayepotea kwa ajili ya tandiko, alisema, atakuwa alishapotea kabla.

Ninuccio hakuuliza mtu. Alipofika kwenye ukuta wa bandari aliupita. Safari hii Ermelinda alikuwa amekaa gatini tayari, amevaa viatu vya kanisani, mkate magotini, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kumchelewesha mgeni. Na baada ya kumgusa Mtakatifu mguu aliuvunja mkate akawagawia walio mashuani, Gerardo akiwa wa mwisho, kipande cha gamba, kile kigumu, ambacho tangu utotoni ndicho alichokuwa akikipenda.