Mama Mkwe Aliniambia Ukweli kwa Kijerumani

Admin, jina langu libaki kwako. Na nyie mtakaosoma nivumilieni, naandika nimetoka zamu na macho yanauma.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, muuguzi, naishi Ilemela hapa Mwanza na mke wangu. Tumwite Sabina. Ana ujauzito wetu wa kwanza. Mama yake mzazi alifariki akimzaa yeye, akalelewa na mama yake mdogo wa Kisesa, ambaye naye ni muuguzi. Huyo ndiye mama mkwe wangu.

Sabina ndiye aliyeleta habari za Ujerumani. Alisikia dukani anakouza vitenge kwamba kule wanataka wauguzi, ila kwanza ufaulu mtihani wa lugha wa ngazi ya kati, ule wanaouita B1. Akatushupalia wote wawili, mimi na mama yake. "Nyie mmesoma, mnasubiri nini? Tangulieni, mimi na mtoto tutafuata." Nilikubali kwa kuwa sikuwahi kumuona na furaha ile. Tangu hapo maisha yangu ni zamu na darasa, darasa na zamu. Nasinzia nimeshika kijiko. Juzi mgonjwa ameniuliza kama na mimi nimelazwa.

Kusoma, kusikiliza na kuandika tulifaulu. Kuzungumza tukaanguka, wote wawili. Kwenye kuzungumza mnaingia wawili wawili, mnapewa jambo la kupanga pamoja, mnapendekezeana, mnapingana, mpaka mwafikiane. Mimi nikapangwa pamoja na mama mkwe. Wasukuma wenzangu mmeshanielewa. Kwetu mkwe humpi mkono, huli naye meza moja, hata shikamoo unaitoa ukiwa mbali na macho umeyashusha. Leo nimkazie macho nimwambie wazo lake silipendi? Kila alichosema nilijibu ndiyo, vizuri, huku naangalia meza. Yeye akawa anaongea na msimamizi badala ya kuongea na mimi, kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa aibu tupu.

Mwalimu akasema sehemu ya kuzungumza inaweza kurudiwa peke yake, ila tusipozoeana tutaanguka tena. Basi mama akawa anakuja kwetu siku zake za mapumziko. Tunakaa uani, viti tumevigeuza vipeane mgongo kidogo, na Sabina katikati yetu anamenya viazi ili majirani wasione vibaya. Kijerumani hajui hata cha salamu.

Siku za mwanzo tuliteseka. Kisha nikagundua kwamba nikiwa kwenye Kijerumani uoga unapungua, labda kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunifundisha heshima kwa lugha ile. Nilimpinga mama, hakukasirika. Naye akanipinga. Nikamsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe.

Jumamosi iliyopita zoezi lilikuwa kutoa maoni kuhusu kufanya kazi mbali na familia. Mama alisoma swali, akaanza na Kijerumani chake cha kuungaunga. "Mimi sitaki kwenda. Dada yangu alifia leba, mimi nilikuwa mbali. Sasa mtoto wake atajifungua, na mimi nitakuwa mbali tena. Lakini yeye ana furaha. Siwezi kumwambia."

Nilidhani ni mfano tu wa zoezi. Nilipomtazama nikaona sivyo. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamjibu kwa lugha ileile kwamba hata mimi sitaki, nimechoka, naenda kwa sababu Sabina ameshatangaza mpaka kanisani. Akaniuliza, "Kwa nini humwambii mke wako?" Nikamuuliza, "Na wewe kwa nini humwambii mwanao?" Tukabishana kwelikweli, sauti juu, bila kukwama popote. Sabina alikuwa ameshaweka kisu chini anaturekodi na simu. Mwisho mama akasema, sauti inatetemeka, "Siku akiniita kwa uchungu, mimi nikiwa kule, nitamsikiaje?"

Sabina akapiga makofi. "Hee! Sasa mmeiva! Huo mtihani mmeshafaulu!"

Alipoingia jikoni kubandika viazi, mama alirudi kwenye Kiswahili, macho chini kama zamani. "Baba, nakuomba hayo yaishie hapa. Mtoto asijue."

Mtihani ni wiki ijayo. Nikimwambia Sabina ya kwangu tu, mama atakwenda peke yake, maana hana nguvu ya kumkatalia mwanawe. Nikisema ya mama nimevunja neno la mkwe, na sijui kama nitaweza kukanyaga tena Kisesa. Nikinyamaza tutafaulu, kwa sababu sasa tunaongea vizuri mno. Na nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka hata kufikiri.

Ile video Sabina ameituma kwa ukoo mzima. Shangazi zake wanatupongeza. Leo asubuhi alikuwa amejilaza anaiangalia tena, mkono mmoja tumboni, akaisimamisha pale sauti ya mama inapotetemeka.

"Hapa mama anasema nini? Mbona sauti yake iko hivi?"

Nikamwambia zoezi lilikuwa kupanga sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu, na mama alikuwa na wasiwasi wa mtihani. Akacheka, akairudisha nyuma akasikiliza tena, akajaribu kuyatamka yale maneno.

"Matamu," akasema. "Nifundishe, niwe namsemesha mtoto kabla hajazaliwa. Azoee lugha ya bibi yake."

Akirudi dukani jioni anataka tuanze. Nishaurini ndugu zangu, nimwambie yana maana gani?