Dawa ya kolesteroli ilivyonipa sifa ya ulevi Garissa

Wakuu, asalaam aleikum, na habari zenu wote. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, wallahi. Majina tu nimebadilisha, maana Garissa ni mji mdogo na wakwe zangu wana simu.

Nauza spea za malori yanayokwenda Modogashe. Pombe sijawahi hata kuionja.

Lakini kolesteroli ninayo. Baba alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana, kwa hiyo daktari aliniandikia vidonge na kuniambia nisiviache. Mtu wa famasi akabandika juu ya pakiti: USINYWE POMBE UKITUMIA DAWA HII.

Sasa, wakati huo nilikuwa nimemposa Hodan. Shangazi yake alikuja kwetu kumtembelea mama, akaiona pakiti juu ya friji, akaisoma.

"Daktari atamkatazaje mtu kitu asichokifanya?" aliuliza.

Hebu jibuni nyinyi.

Kufikia Ijumaa nilikuwa mlevi wa mji mzima. Aliyepaza sauti kuliko wote ni Adeer Warsame, mdogo wake baba yake Hodan. Adeer kwetu ni baba mdogo. Mzee wa ndevu za hina, msuluhishi wa ugomvi wa visima. Akikohoa, baraza linanyamaza.

"Binti yetu hatumpi chupa," alisema.

Haji, baba yake Hodan, ni mtu wa haki. Aliniita, akanipa njia mbili: niache hivyo vidonge mbele ya wazee, au niende nao kwenye baa, mwenye baa anitazame uso aseme kama ananijua.

Kuacha vidonge ni kumfuata baba. Nikachagua baa.

Ipo moja tu ya kutajwa, nyuma ya ukuta wa mabati, wanakokunywa watu wa down Kenya, yaani wageni kutoka mikoa mingine. Haji alibaki garini na tasbihi yake, akamwambia ndugu yake anipeleke.

"Mimi? Mlango ule?" Adeer aling'aka. "Watu wataniona!"

"Wakikuona, niko hapa."

Mwenye baa, mama Mkamba mnene mcheshi, alinitazama kama anayechagua mbuzi. "Huyu? Simjui kabisa."

Kisha akamgeukia Adeer, uso umemchangamka: "Mzee wangu, leo umeingilia mlango wa mbele?"

Wakuu, Adeer aligeukia mlangoni kabla mama hajamaliza kutabasamu.

Tukatoka. Adeer akamwambia Haji, "Kijana ni msafi." Nami nikatazama ndege angani, ambao hawakuwepo.

Siku chache baadaye, tukitoka sala ya alasiri, Adeer Warsame alinishika mkono. "Adeer," akaniita, maana kwetu neno hilo huenda na kurudi, "ile dawa yako hata mimi natumia. Yangu nililetewa bila maandishi. Ni kweli inagombana na... ile kitu? Miguu inaniuma sana."

Sauti ya baraza ilikuwa imekwisha. Alikuwa anaogopa kufa.

Nikampeleka kwa daktari wangu. Nyuma ya pazia alikaa nesi, binti wa mtaa wa akina Hodan. Nikauliza lile swali.

"Nani kati yenu anakunywa?" daktari akauliza.

Adeer akatazama sakafu. Pazia likatikisika kidogo.

"Mimi," nikasema.

Daktari alinijibu mimi huku akimtazama yeye. Dawa hii na pombe zote zinapita kwenye ini. Anayekunywa sana analibebesha mizigo miwili. Misuli ikiuma, asingoje. Asiache dawa kimyakimya, na asimfiche daktari. Kisha akatuandikia vipimo vya ini, wote wawili.

Habari ilifika kwa Haji kabla sisi hatujafika. Wazee wakaita baraza la kuvunja uchumba.

Adeer Warsame akasimama. Akakohoa. Wakanyamaza.

"Huyu kijana hanywi. Namdhamini kwa ndevu zangu. Atakayeuliza nimejuaje, aniulize peke yangu."

Hakuna aliyeuliza. Hodan sasa ni mke wangu, na Adeer huja kwetu kunywa chai isiyo na sukari, akinung'unika.

Nilichojifunza: daktari akuulize mkiwa wawili tu. Mkwe, shangazi na pazia wangoje nje. Na kama unakunywa, mwambie.

Wenye baba wadogo kama wangu, au baba wadogo wenyewe, karibuni. Hapa hatuangalii umeingilia mlango gani.